Hodi Mbili

Serikali iliazima lori,
dereva akaja nalo kama tairi la akiba.
Ndivyo mjomba Luhende alivyokwenda vitani:
hana gwanda, hana bunduki,
ana kofia ya sufu aliyofumiwa na dada yake
na kitabu cha safari chenye jalada la kijani.

Kitabu ninacho. Mwandiko umelalia kulia
kama mtu anayepanda kilima na gunia.
Oktoba: marobota arobaini, Magu hadi stesheni ya Mwanza.
Oktoba: marobota arobaini.
Novemba: askari thelathini na wanane, Mwanza hadi Kyaka.
Kigongo, foleni ya kivuko, saa sita.
Sengerema, mvua. Geita, pancha.
Biharamulo, vijana wameimba mpaka sauti zimekauka.
Mmoja ameomba nimfundishe gia.

Kisha kurudi.
Tarehe ipo. Kilomita zipo. Mafuta yapo, lita kwa lita.
Penye "mzigo" kuna mstari mmoja tu,
umekandamizwa hadi ukatoboa karatasi.
Safari kumi na moja za kurudi,
mistari kumi na mmoja.

Vita vikaisha, lori likarudishiwa pamba yake.
Nilikuwa utingo wake msimu wa themanini na tatu,
mwembamba, mjuaji.
Tulipofika stesheni, kabla ya kushusha ubao wa nyuma,
alivua kofia,
akagonga kwa kifundo cha kidole:
hodi.
Hodi.
Siku ya kwanza nilicheka.
Hakunigombeza. Alisema tu,
"Ya tatu usipige. Ya tatu ni ya kuondokea."

Siku za Mashujaa, redio ikipiga paredi,
yeye alikuwa Kayenze, maji ya ziwa magotini,
akiosha bodi ambalo lilikwisha takata jana yake,
ndoo kwa ndoo,
furu wakimdonoa vidole vya miguu.
Mara moja walikuja watu wenye orodha,
wakamwuliza namba yake ya jeshi.
Akawapa ya lori.
Wakaandika, wakafuta, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda.

Juzi tumemtoa Bugando
kwa pikapu ya jirani muuza sangara;
tuliisugua kwa sabuni ya unga, mara mbili,
na bado ilikuwa na harufu ya kazi yake.
Uani Kayenze watu wamejaa,
wanaume wameshashika ubao wa nyuma,
mama akasema, Subirini.
Miaka themanini na miwili, na fimbo,
akapita katikati yao.

Akagonga. Hodi, Luhende.
Akagonga. Hodi.

Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma,
mtu akatoka mbio kwenda kuizima.
Mkono wa mama ulibaki hewani,
kifundo kimeelekea bati.

Akaushusha.
Ubao akaufungua mwenyewe.