Stakabadhi ya Mzinga

Ndani ya kikopo cha majani ya chai, chini ya vifungo na sindano,
bibi yangu Nyamizi alihifadhi karatasi iliyokunjwa mara nne.
Wino umegeuka kutu. Muhuri umebaki nusu mwezi.
Imepokelewa Tabora: mzinga mmoja wa gome, nta ratili kumi,
kwa ajili ya Maonyesho Makuu.
Jina la mwenye mzinga halimo.

Mwenyewe alikuwa Kapaya, mrina asali wa msitu wa Ipole,
aliyeupigia myombo hodi kwa kisigino cha shoka
kabla ya kuubandua gome.
Mwaka ule wa ishirini na nne Bwana Shauri alituma tarishi:
Ulaya wanajenga mji ndani ya mji,
kila nchi ya mfalme ipeleke kilicho chake.
Wengine wakatoa pembe, wengine mikeka, karanga kwenye chupa.
Kapaya akapanda, akashusha mzinga ungali unanukia,
akaubeba kichwani siku tatu hadi stesheni,
nyuki wawili watatu wakimfuata kama wadai.

"Utarudi?"
Karani hakuinua uso. "Vyote vitarudi."

Habari za huko zilifika vipandevipande
kwa kinywa cha mpishi aliyesikia bwana wake akisoma gazeti:
kumbi za saruji, ukiingia asubuhi unatokea jioni;
ziwa lililochimbwa kwa mikono;
treni isiyosimama, abiria anairukia ikitembea;
mtoto wa mfalme amefinyangwa kwa siagi, yeye na farasi wake.
Hapo Kapaya alicheka hata akakaa chini.
"Siagi! Na jua je?"
"Huko hakuna jua."
Kicheko kikamkatika.
"Basi mzinga wangu unaona baridi."

Watu kwa mamilioni wakalipa kiingilio.
Wangapi waliupita mzinga usio na nyuki, sijui.
Najua kibao, kwa sababu vibao vyote vilikuwa ndugu:
Kazi ya Wenyeji.
Wenyeji!
Kana kwamba Kapaya alikuwa kijiji kizima.

Maonyesho yakafungwa, kumbi zikapigwa mnada,
nyingine zikabomolewa, nyingine zikawa maghala.
Hayo nimeyasoma mimi. Yeye hakuwa na wa kumwambia.
Kila alipokuja mjini kuuza nta
alipitia dirisha la vifurushi, akaitandaza karatasi yake mezani,
akailainisha kwa kiganja.
Makarani walibadilika, jibu halikubadilika:
njoo mwezi ujao.
Na kwenye panda ya ule mti hakutundika mzinga mwingine.
Wanawe walipomwambia panda nzuri inakaa bure,
alisema, "Si bure. Mwenyewe amesafiri."

Alikufa mwaka wa mvua nyingi.
Bibi aliendea lile dirisha mara mbili,
mara ya tatu akanunua chai, akakitunza kikopo.

Mimi leo ni karani. Ndiyo, karani,
viwanja vya Nane Nane, Ipuli,
kiti cha plastiki, daftari, kalamu imefungwa uzi isiibiwe.
Turubai linapigana na upepo wa Agosti,
spika mbili zinagombania mbegu moja ya alizeti.
Jana alikuja mama mmoja na asali
kwenye chupa ya soda, kizibo gunzi la hindi.
Fomu inauliza bidhaa, uzito, wilaya, kikundi.
Nikaigeuza upande usioandikwa.

"Jina, mama?"
"Andika Sikonge tu."
"Sikonge ni wilaya. Haipandi mti, hairini asali."
Akanitazama kama mtu anayedaiwa kodi aliyokwisha kulipa.
"Mlekwa," akasema. "Mlekwa binti Ntabo."
Akaondoka. Akarudi, ameshika kiuno.
"Na chupa nitaitaka."

Nikaandika na hilo.