Deni la Majina Sita

Kioo kilipasuka maabarani, mkesha wa maonyesho,
na mtambo wetu wa kuondoa chumvi majini
ukabaki sanduku tupu.

Nani?
Vidole vitano vikamwelekea Bwanakheri.
Changu ndicho kilichotangulia.

Mwanaesha akainama, akaokota vipande:
"Niliona mguu wa meza unacheza. Nikanyamaza."

Punda akalia huko Langoni. Hatukucheka.
Famau akakuna shingo: "Gundi niliipunja."
Nami, sauti ikinikwama:
"Jana zamu ilikuwa yangu. Sikuja."

Tukachanga. Mia tatu na kumi.
Kioo, mia tano.
Fundi akalamba kidole, akafungua daftari:
"Deni nimwandike nani?"

Bwanakheri akafumbua mdomo; tukamtangulia,
majina sita kwa mkupuo mmoja,
na fundi: "Polepole jamani,
kalamu ni moja."