Vilele Vinne

Mwezi wa tatu, alfajiri isiyo na wingu,
baba alisimama uani kwetu Rau, akautazama mlima:
"Kibo mbili, Mawenzi mbili.
Nani kaongeza?"
Tukacheka.

Sasa tunajua. Nyuma ya pua,
pale fuvu linapoikalia shingo,
kitu laini kama ute wa bamia kimeota ndani ya mfupa,
kikaubana mshipa unaogeuza jicho la kushoto.
Kordoma.
Baba hulitamka kama jina la mkwe asiyemtaka.

Daktari Mkony alikwangua alichoweza kupitia puani.
Kilichobaki kimeegemea shina la ubongo, kisu hakithubutu.
Akatutajia miale miwili,
yote iko ng'ambo, yote ghali kuliko kihamba.

Usiku nikamwaga mezani ulezi
na maharage ya Kiboriloni.
"Mionzi tuliyoizoea hupenya hadi kisogoni,
ikichoma kila inapopita. Hii huingia, ikasimama.
Protoni," nikainua punje ya ulezi.
"Na hii kaboni," nikainua harage,
"uzito mara kumi na mbili.
Seli ikigongwa nayo haijishoni tena kirahisi."

Baba, aliyegawa maji ya mfongo miaka thelathini,
alifunika jicho kwa kiganja
ili anione mmoja.
"Zinasimama kabisa?"

Ulezi husimama, nikasema.
Harage hupasuka njiani,
vipande vyake huvuja kidogo kupita mpaka.

"Maji ya hivyo nayajua.
Unaziba kwa gogo la mgomba na udongo,
asubuhi shamba la jirani limelowa.
Haya, wamepona wengi kwa ipi?"

Hapo nikawa mtoto tena.
Wenye ugonjwa wake ni wachache duniani,
waliopimwa bega kwa bega wachache zaidi.
Huku wanasifu hii, kule wanasifu ile,
kila mtu na mashine aliyo nayo.
Aminieli akasema tungoje ushahidi.
Mama akauliza bei.
Hakuna aliyemjibu yeyote.

Baba akaondoa kiganja usoni,
akanyoosha kidole achague punje moja.
Kikagusa mbao tupu,
kando kidogo ya harage.
Akakiacha palepale, akakitazama
kwa macho yote mawili.

"Upana wa ukucha," akasema.
"Ndio huo daktari aliosema umebaki
kati yake na ubongo?"