Daftari la Korbinian

Kule Tirol, kijiji ambacho basi hukifikia mara mbili kwa siku,
baba yangu, Korbinian, huamka saa kumi alfajiri mwezi wa sita
kwenda kuifunika barafu.

Ndiyo, kuifunika. Kwa shuka nyeupe, pana kama uwanja wa mpira,
wanaume kumi na mmoja na cherehani moja inayolia kama mbuzi,
ili jua la kiangazi lisiile yote
na watalii wa Desemba wapate pa kutelezea.
"Sanda," alisema padri kijana, mgeni.
"Blanketi," baba akamjibu. "Maiti hafunikwi kila mwaka."

Asikudanganye mtu: baba haamini.
Mguse tu, atavuta droo ya chini, penye kamba na risiti,
atoe daftari la jalada la kijani
akusomee kama karani wa mahakama.

Sabini na tatu: mwalimu wa jiografia aliapa
mafuta yatakwisha kabla darasa lile halijaoa.
Walioa. Trekta linanguruma.
Themanini na tatu: misitu yote itakufa kwa mvua ya tindikali,
nasi watoto tukafundishwa kuuchora msonobari ukiwa uchi.
Fungua dirisha, husema, hesabu mwenyewe.
Tisini na tisa: kompyuta zitaizima dunia usiku wa manane.
Mama, Notburga, alinunua mishumaa mia mbili;
hadi leo tunaichomeka kwenye keki.
Elfu mbili na kumi: yule bwana wa televisheni, tai nyekundu,
miaka tisa tu, theluji itakuwa hadithi ya watoto.
Mwaka wa tisa ilishuka mita mbili
ikavunja zizi la jirani.

Kila tarehe ikipita huikata kwa wino mwekundu, kwa rula.
Kuna raha ndogo mkononi mwake. Nimeiona.

Babu aliuza ng'ombe wawili kwa bei ya kutupa
kwa kuwa mhubiri mpita njia alitaja Jumatano.
Alhamisi ikaja, na jua lake,
na mtoto ndani ya nyumba akililia maziwa.
Mtoto huyo ndiye baba.
Wenzake huumwa na nyoka wakaogopa ung'ongo;
yeye aliumwa na nabii.

Krismasi tatu tumegombana.
Nilikuja na michoro, mistari inayopanda kulia;
akasukuma sahani.
"Anayenitisha ana anachokitaka. Kura, sadaka,
au nikeshe macho pamoja naye."
Sikuwa na jibu. Nilitaka akeshe pamoja nami.

Vuli iliyopita alivunjika kifundo cha mkono,
nikatumwa droo ya chini kutafuta kadi ya bima.
Daftari lilifunguka kwa nyuma.
Kule hakuna manabii. Hakuna wino mwekundu.
Kuna penseli, na kila Septemba,
kuanzia kigingi cha chuma alichokipigilia babu
hadi mdomo wa barafu:
hatua arobaini.
Hatua sabini na moja.
Mia na tisa.
Mia na tisa tena, na pembeni: *nilijua.*
Mia mbili thelathini na sita.
Mia nne na kitu, mvua.
Halafu, mwandiko ukitetemeka:
*nimepumzika mara mbili njiani.*

Nikalirudisha chini ya kamba, kama lilivyokuwa.

Juni hii mkono wake haujapona sawasawa,
kwa hiyo nilishika mimi ncha ya pili ya shuka.
Alfajiri, pumzi zetu zikitoka nyeupe.
Chini ya miguu, maji yalikuwa yakisema peke yake,
mfululizo, kama mtu anayesali haraka amalize.
"Unasikia?"
"Sikio hili limekufa," akasema, akiligusa la kushoto,
na ni kweli limekufa, tangu enzi za kulipua maporomoko kwa baruti.
La kulia alikuwa ameligeuzia upande wa pili.

"Vuta," akasema. "Upepo huo."
Nikavuta.