Mkufu wa Feni

Waya nimeuchomoa kwenye feni ya baba,
ile iliyoungua Machi tukalala barazani,
mwekundu kama chai kavu.
Nikauzungusha kwenye spoku ya baiskeli,
nikakata, nikakata,
pete zikajaa ungo
kama mchele wa kuchambua.

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Nafungua pete, naipitisha katika nne,
naifumba. Plaizi mbili, jicho moja,
umeme ukikatika, vidole.
Chanda chema huvikwa pete, husema watu.
Changu kimechubuka, kinanuka shaba
hata nikila muhogo.

Katikati nimetia shanga za utunda wa bibi.
Uzi wake ulikatika siku ya kuanua tanga:
nane nilizipata uvunguni,
nyingine wanajua panya.

Leo bi harusi kaja kupima, Mwanamkasi,
na shangazi yake nyuma kama wakili.
Akageuza shingo kwenye kioo,
akauliza bei. Shangazi akacheka:
dukani nusu yake, tena inang'aa!

Sikumjibu.
Nilikuwa nimeiona, kisogoni,
pete moja imeachama.
"Ivue," nikamwambia bi harusi.
"Kuna mmoja hajafumba mdomo."