Kipimo cha Kiwiko

Duka la fundi Kulwant halina kibao.
Ghorofa ya pili, Ngara, juu ya wauza miwani.
Askari anasoma leseni yangu mara mbili,
ananisoma na mimi, ndipo anavuta komeo.
"Unawinda nini siku hizi, mama?"
Vumbi, namjibu.

Nimeleta bunduki ya baba.
Chuma kizima. Kitako kimepasuka shingoni,
ufa mwembamba kama unywele ulionasa kwenye sabuni.
"Gundi haitashika," asema Kulwant. "Teke lote hupita hapa."
Naye teke analijua: bega lake la kulia
limeshuka kama mizani mbovu ya buchari.

Anapanga mezani, juu ya gazeti la juzi.
Cha plastiki, cheusi, hakijali mvua wala kiangazi;
nakigonga kwa ukucha, kinalia ndoo.
Cha mjozi, kimetoka Uturuki,
mistari yake kama maziwa yakiingia kwenye chai,
na bei yake karo ya muhula mzima.
Halafu gogo la mzeituni wa mwitu, halijachongwa,
mti ulioangushwa na upepo, karatasi zake anazo.
Zito. Lina fundo pale shavu litakapolala.

Uwindaji ulipigwa marufuku nikiwa mgongoni mwa mama.
Baba aliendelea kuipaka mafuta kila Jumapili,
kama mtu amwogeshaye mzee asiyetoka tena nje.

Kulwant anafungua skrubu mbili za kisigino.
Ndani mna shimo: brashi, kichupa kikavu,
na kipande cha flaneli chenye maua ya buluu.
Gauni langu la kulalia, la darasa la pili,
lile mama aliloapa limeibwa kwenye kamba.
Jirani hakusalimiwa mwaka mzima.

"Kunja mkono."
Utepe unatoka kwenye kiwiko hadi kidole cha kufyatulia.
"Kumi na tatu. Cha zamani kina kumi na nne na nusu,
na uvimbe wa shavu uko kulia. Mzee alikuwa mashoto?"
Mashoto. Hata ugali alipigwa kwa ajili yake, utotoni.
"Sasa nichonge kwa kipimo cha nani?"

Chini barabarani mtu anabishana bei ya fremu.
Natazama gogo, na fundo lake.
Mzeituni, nasema. Urefu wangu.
Shavu liache upande wake.
"Utalenga vibaya."
Sitalenga.

Hacheki. Anaandika daftarini: Syokau Nzuki,
mzeituni, wiki sita, nusu imelipwa.
Ananipa stakabadhi, anavuta taa karibu,
na mkono wake, bila kutazama,
unaokota flaneli kufuta mafuta ya kitani mezani.

Nilikuwa nimeshafika kwenye miwani.
Nikapanda ngazi tena, mbili mbili.