Dirisha la Tatu

Mimi ndiye dirisha la tatu.
"Nenda la tatu, kisha rudi la kwanza":
miaka kumi na moja katika hospitali hii ya Arua
nimegonga muhuri, nimefukua mafaili,
na watu wameniona kifua na mikono tu,
kichwa kimekatwa na ubao wa juu.

Tulipoambiwa kwamba wagonjwa na jamaa zao
wataketi nasi kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi
watueleze kazi yetu,
nilicheka puani.
Mgonjwa anajua nini habari za faili?
Nilienda kwa ajili ya soda.

Walikuja sita. Mzee Ezati na mguu wake wa plasta,
mama wa mapacha, fundi baiskeli mwenye jicho moja,
wengine wawili waliokaa karibu na mlango,
na Ayikoru, mama yake Feni, mtoto wa selimundu.
Usiku tisa alikuwa amelala mkekani
chini ya kitanda cha mwanawe.

Hakulalamika. Hilo ndilo lililonichoma.
Alisimama, akatutembeza kwa maneno:

"Damu inatolewa saa mbili.
Saa nne majibu yako tayari, nimeyaona kwa macho yangu,
yamelala kwenye kikapu cha buluu mlangoni mwa maabara.
Saa tisa bado yamelala.
Daktari anamngoja karani,
karani anamngoja tarishi,
na tarishi, nimeuliza, alistaafu mwezi wa tatu.
Mimi nalala chini. Huko chini huoni nyuso,
unaona viatu. Najua vinavyosimama,
najua vinavyopita mbio.
Kikapu kile hakina viatu."

Sista Candiru akaitazama meza.
Mganga mkuu akauliza: toka maabara hadi la tatu, hatua ngapi?
Nilifungua kinywa nijibu.
Sikujua.
"Mia moja na arobaini," akasema Ayikoru,
"mvua ikinyesha zaidi, maana unazunguka dimbwi."

Nilitaka kukasirika, hasira ikakosa pa kushika.
Niliwahi kumfungia dirisha, nakikumbuka kitenge chake,
ilikuwa saa saba kasoro, njaa imenibana.
Mbele ya wakubwa wangu wote
hilo hakulitaja.

Jumatatu tulihamisha meza. Si habari ya kutiwa gazetini:
meza, kiti, kabati lenye mguu mbovu,
tukavibeba mimi na fundi baiskeli
hadi kwenye ukuta wa maabara.
Fundi akafunga kengele ya baiskeli kwenye kikapu.
Majibu yakiingia, kring,
nanyoosha mkono.
Siku ya kwanza niliruka kila ilipolia,
watu wa maabara wakawa wanaipiga bure wanicheke.

Sisemi tumepona.
Dawa huisha tarehe ishirini
na hiyo haina kengele.
Sista mmoja bado ana vitanda hamsini
na usiku mmoja.
Lakini saa nne, kwa majibu ya damu,
sasa ni saa nne.

Kikao cha tatu, kiti cha Ayikoru kilikuwa kitupu.
Hakuna aliyeuliza. Tukajadili mapazia.
Mimi nilitoka katikati ya maneno
nikalitafuta faili la Feni
kwa mikono ya mtu aliyeanza kazi leo.
Ameruhusiwa. Tarehe tatu.
Muhuri wangu, wino wangu,
na sikumwona akipita.

Niliporudi, mama wa mapacha akanisogezea soda yangu.
"Yuko Terego, anapalilia ufuta," akasema.
"Magugu yakiisha atakuja.
Ana neno kuhusu vyoo."